Funika Kwanza, Unitukane Baadaye

Wanangu, jua la mwezi wa tano hapa London ni tapeli. Linatoka asubuhi limependeza, linawavua watu makoti, linawapeleka madukani kununua miche ya nyanya, halafu jioni linaondoka bila kuaga na kuwaachia baridi mlangoni. Nawaambia mapema kwa sababu nawajua. Mkiona siku mbili tatu za jua mnaanza kupigiana simu: "Auntie, it's summer!" Summer ya nani? Mimi nimefanya kazi ya miche kule pembezoni mwa Edmonton, kwenye mabanda ya vioo, tangu Salha wangu yuko tumboni mpaka Salha ana watoto wa kunisahihisha Kiingereza, na hadi leo ukiniuliza kiangazi kinaanza lini, nitakwambia ngoja kwanza nitoke nje nishike udongo.

Nyinyi mliopata viwanja vya bustani mwaka huu mmeniomba niwaandikie namna ya kukinga mboga na baridi ya kuchelewa. Mlisema kifupi tu. Kifupi kimo kwenye simu zenu, kasomeni huko. Mimi nitaandika ninavyojua, na ninavyojua ni kwa kupitia watu, kwa hiyo mtavumilia.

Adui mwenyewe anaitwa jalidi. Msimchanganye na theluji. Theluji ina adabu, inashuka watu wakiiona, watoto wanafurahi, mabasi yanasimama. Jalidi haishuki. Unaamka tu asubuhi unakuta unga mweupe juu ya majani, unasema "mashallah, pazuri", na jua likishapanda kidogo, boga lililokuwa limesimama jana limelala kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Na mtu wa Tanga kama mimi angeyajulia wapi haya? Kwetu baridi ni ile siku ya mvua ambayo bibi anavaa soksi.

Msimamizi wangu wa kwanza aliitwa Bi Doreen, Mwingereza mwenye mikono mipana na maneno machache. Siku moja hakuja kazini, na jua lilikuwa kali humo ndani ya vioo hata nikayaonea huruma mamumunye. Nikayatoa nje yote, trei baada ya trei, yapunge upepo. Yalipendeza mno, nikayaacha palepale, nikaenda zangu nyumbani nikijisifu. Kesho yake Bi Doreen alinikuta nimesimama mbele ya trei zote, kila kitu cheusi, na mimi nimeshika kichwa. Hakugomba. Aliingia ndani akachemsha chai, akanipa kikombe, akasema, "Well, darling, now you've met him."

Nikamuuliza, nimekutana na nani?

"Frost," akasema, akaenda kuchukua toroli.

Nilikuja kujua baadaye kwamba Bi Doreen akikuita darling ujue kuna maafa. Siku za kawaida alikuwa anakuita kwa jina, na jina langu, Mwanaidi, alilitamka kama mtu anayetafuna biskuti kavu. Lakini ndiye aliyenifunza kazi. Alinifunza kwamba mche uliolelewa ndani ni kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege na kandambili: usimtupe barabarani. Mtoe mchana kivulini, mrudishe jioni. Kesho mtoe tena, umwongezee muda. Fanya hivyo wiki moja na zaidi, mpaka shina ligangamale. Sasa hivi nawaona mnanunua mche sokoni Walthamstow asubuhi, adhuhuri umo ardhini, na jioni mnanitumia picha. Kesho yake mnanitumia picha nyingine, na kikaragosi kinacholia.

Alinifunza pia kutoiamini tarakimu. Wakati huo ilikuwa redio, sasa ni simu, uongo ni uleule. Simu yako inakupa baridi ya hewa ya juu, tena ya mjini, kwenye lami na magorofa yanayopumua joto. Boga haliishi juu ya kichwa cha mtu. Simu ikisema digrii tatu au nne, huku kwetu bondeni, chini kabisa kwenye jani, kunaweza kuwa kunaganda. Baridi ni nzito, inatiririka kama maji mpaka sehemu ya chini, na ikikuta ua wa miti umeziba njia, inatuama hapohapo. Kwa hiyo kabla hujapanda kitu, tazama kiwanja chako kinainamia wapi, na huko chini usipande chochote unachokipenda.

Na tazama mbingu. Mawingu ni blanketi. Kukiwa na mawingu, lala. Kukiwa na upepo, lala pia, ingawa jicho moja. Lakini jioni ikiwa tulivu, mbingu safi, jani halitikisiki, jioni nzuri kiasi kwamba unataka kupiga picha, acha simu ukafunike.

Kufunika nako kuna namna, na hapa lazima nimtaje Baba Salha, mume wangu, aliyeendesha basi la hapa mjini mpaka akastaafu. Mwaka alioanza kunisaidia bustani, nilimwambia afunike nyanya, nikaenda kumwona mgonjwa. Kwa akili ya dereva, kila kitu kinataka kufungwa mlango. Alichukua mifuko ya plastiki, akaivisha kila mnyanya kichwani, akafunga kamba shingoni, akakaza. Asubuhi majani yamegandana na plastiki, meusi tii.

"Umezinyonga," nikamwambia.

"Nimezifunga zisiingiwe na baridi."

"Joto linatoka wapi, Baba Salha?"

Akatazama juu. Nikamwonyesha chini. Udongo ndio jiko lenu, wanangu. Unakula jua mchana kutwa, jioni unalitema polepole. Kazi ya kifuniko ni kulidaka lile joto la ardhini lisiruke, basi. Kwa hiyo ukifunga shingoni, umelifungia joto nje. Simika vijiti ili nguo isiguse majani, tandika nguo juu yake, ishuke mpaka chini pande zote, halafu chomekea kama chandarua, uikandamize kwa matofali. Chandarua chenye tundu moja mnakijua. Na funika kabla jua halijazama, udongo ukiwa bado na joto. Ukifunika baada ya hapo unafunika baridi ilale vizuri. Udongo ukiwa mkavu, umwagilie mchana, maana udongo wenye maji unashika joto kuliko mkavu.

Basi Baba Salha somo la joto akalishika, tena akalishika sana. Baridi iliyofuata nikaitafuta chupa yetu ya mpira ya maji moto, ile ninayowekea miguu kitandani, siioni. Akaniambia kwa fahari kwamba ameipeleka kwa matango. Asubuhi tukakuta mbweha ameiburuta hadi njiani, ameitoboa, na sijui alikuwa anatafuta nini. "Lakini matango salama," akasema Baba Salha. Mimi nimelala na miguu kama samaki wa barafu, matango salama! Ukitaka kufanya hivyo, jaza madumu ya maji, yaweke juani mchana kutwa katikati ya miche, na jioni yaache humohumo chini ya kifuniko. Mbweha hana haja na dumu.

Sasa nifike kwa Bi Zuwena, maana bila yeye haya yote mngeyapata hata dukani.

Bi Zuwena ni Muunguja, na kiwanja chake kinapakana na changu. Kilichimbwa na marehemu mumewe, Mzee Kombo, na enzi za Mzee Kombo sauti ya Bi Zuwena ilikuwa inafika kituo cha basi. Alimgombeza mumewe, aligombeza njiwa, aliwagombeza kaunsili wenye viwanja kwa ajili ya bomba, na sisi tuliokuwa jirani tulijua saa kwa sauti yake. Mzee Kombo alipofariki, sauti ile ikazimika. Ukimsalimu, "Alhamdulillah." Ukimuuliza umekula, "Alhamdulillah." Ukimwambia Bi Zuwena, ndoo yako inavuja, "Alhamdulillah." Iliniuma sana. Mimi nilikuwa nimezoea kugombana naye, na mtu uliyezoea kugombana naye akikunyamazia, unakosa hata mahali pa kuweka mikono.

Mwaka aliokaa eda, hakuna aliyemfunikia maboga yake. Mimi nilikuwa Tanga, wenzangu hawakukumbuka, jalidi ikayala yote. Mwaka uliofuata mwanawe, Nassor, akawa anamleta kwa gari siku za mapumziko. Alikuwa anashuka, anageuza ndoo, anaikalia, anatazama udongo mpaka Nassor arudi kumchukua. Nassor ni kijana mzuri, kazaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote, ila majibu yake ni Kiingereza. Siku moja akanivuta pembeni ya lango.

"Auntie Mwanaidi, I'm thinking of giving the plot back."

"Kwa nini, mwanangu?"

"She just sits there. She's not gardening, she's just sitting on that bucket looking at Dad's soil. It's not good for her. If it all dies again this year, that's it, I'm telling the council. We can get pumpkins in the market, innit."

Nikamwambia asifanye haraka. Nikamwambia maboga ya mwaka huu nitayaotesha mwenyewe dirishani kwangu, nitayazoesha baridi kama nilivyofunzwa. Akasema, "Okay, Auntie. This year. Last one."

Nikayaotesha. Nilipompelekea miche, Bi Zuwena aliinuka kwenye ndoo, akapiga magoti, akaipanda mwenyewe kwa mikono, mche mmoja mmoja, kwenye vilima vya udongo alivyovirundika Mzee Kombo. Alipomaliza akarudi kwenye ndoo yake. Lakini aliinuka, na hiyo kwangu ilikuwa habari. Tangu siku hiyo nikawa nayalinda yale maboga kuliko ya kwangu. Yakifa, kiwanja kinaondoka, na kiwanja kikiondoka, Bi Zuwena atabaki na dirisha la ghorofa ya nne na taa za barabarani.

Basi ikaja jioni moja ya mwezi wa tano, nzuri, tulivu, mbingu imefagiliwa. Nikatia kiganja chini, nikasikia ule ubaridi mdogo unaokuja na unyevu. Kitambaa changu cheupe cha kufunikia miche, ile flisi, nilikuwa nimeshaigawa yote kwa nyinyi nyinyi mnaonisoma, na hamkurudisha. Nikatuma ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp: "Leteni nguo yoyote, iwe kavu, nyingi. Sasa hivi, kabla jua halijazama."

Wakaja. Bi Tatu wa Mombasa, mwenye kiwanja cha upande wa pili, akaleta mashuka na kanga. Mama Furaha, Mkongomani, akaleta vitenge na turubai. Bi Zuwena hakuweza kuja, Nassor alikuwa kazini na gari. Mimi nikamtuma Baba Salha nyumbani akaniletee sanduku langu la kanga. Tukagawana kazi kwa haraka: mimi nasimika vijiti, Bi Tatu analeta matofali, Mama Furaha anachomekea, Baba Salha anatandika. Tulichanganya nguo zote, hakuna aliyeuliza hii ya nani.

"Kwa Bi Zuwena weka nzitonzito," nikamwambia Baba Salha. "Maboga yake yasiguswe."

Alifanya kazi safi, Mungu anamwona. Alichagua kanga zangu mpya, doti ambazo hazijakatwa wala kufuliwa, bado zina wanga wake, ngumu zisizolegea juu ya majani. Hata Bi Doreen angemsifu. Tena kwa kuwa ni mtu wa mpangilio, alizinyoosha vizuri, zikatazama njiani, maandishi juu. Jua likazama, tukaagana, tukaenda zetu tumeridhika.

Sasa nyinyi mliozaliwa hapa mnadhani kanga ni nguo. Mnajifunga ufukweni, mnapigia picha. Kanga ni mdomo. Mwanamke wa pwani dukani hatazami maua kwanza, anasoma. Kuna kanga ya kumwambia mume, kuna ya mkwe, kuna ya jirani, na kuna ya jirani asiyejijua kwamba ndiye anayesemwa. Mwenzio akikutandikia kanga mbele ya watu, amekusema, na wewe una haki ya kujibu. Haya Baba Salha anayajua kwa kuyasikia tu. Kusoma hasomi.

Alfajiri nilifika wa kwanza. Ardhi nyeupe yote, nyasi zinalia chini ya viatu. Mara namsikia Bi Tatu nyuma yangu.

"Nani aliyeniwekea hii?" Juu ya maharage yake kulikuwa na kanga yangu: *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake.* "Mwanaidi! Mimi ndiye mtu wa maneno?"

"Bi Tatu, ni ya kufunikia."

"Najua ni ya kufunikia. Ulikuwa ushaificha wapi siku zote, ukaitoa leo uniwekee mimi?"

Mama Furaha alikuwa anakagua turubai lake, mtulivu kama balozi. "Nguo zenu zinasemaka mingi," akasema. "Ya kwangu inanyamazaka tu."

Nilikuwa bado namtuliza Bi Tatu gari la Nassor likasimama langoni. Kumbe ameona barafu kwenye kioo cha gari, akamwamsha mama yake. Bi Zuwena akateremka na koti la marehemu mabegani, akaja mpaka kwenye kiwanja chake, akasimama. Nami ndipo macho yangu yakaenda pale yalipokwenda ya kwake, nikasoma kwa mara ya kwanza kile alichokitandika mume wangu, kwa herufi kubwa nyeusi, kinachotazama njia nzima:

*Usisafirie nyota ya mwenzio.*

Mnielewe. Miche ile ni mimi niliyeiotesha. Kila mtu anajua ni mimi niliyeiotesha. Na hapo, mbele ya Bi Tatu, mbele ya Mama Furaha, kanga yangu inamwambia mjane asitembelee bahati ya mtu. Ningekuwa na shimo ningeingia, ila ardhi imeganda.

Bi Zuwena akavuta pumzi. Nikangoja Alhamdulillah. Haikuja.

"Mwanaidi!"

Njiwa wakaruka. Wallahi waliruka.

"Mie n'nasafiria nyota yako? Mie, Zuwena? Nyota yenyewe iko wapi, hebu n'onyeshe! Ile iliyokuletea mume analala na jezi ya mpira? Vimiche vyako vina shingo kama kuku mgonjwa, mie n'navipokea kwa huruma tu, ndo' unanitangazia mpaka kwa watu wa Mombasa!"

"Na mimi nimetangaziwa!" akadakia Bi Tatu.

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja!" Na Bi Zuwena akainama, akaishika ile kanga kwa pindo, akaivuta.

Hapo nikasahau aibu. Kuna jambo Bi Doreen alinifunza ambalo nyinyi wote mnakosea: baridi kali kuliko zote haiji katikati ya usiku, inakuja alfajiri na jua linapochomoza tu. Mnaona mwanga mnadhani hatari imepita, mnafunua, mnaua kwa mkono wenu kitu kilichookoka usiku kucha. Na jani lililopigwa na baridi likipigwa na jua ghafla, linapasuka ndani kwa ndani. Nikaruka juu ya maharage ya Bi Tatu, nikaishika kanga upande wa pili.

"Bi Zuwena, funika!"

"Sifuniki! N'tailaza mgongoni mwako!"

"Yatakufa! Bi Zuwena, maboga ya Mzee Kombo yatakufa sasa hivi! Funika kwanza, unitukane baadaye!"

Akatazama chini. Jani moja lilikuwa limechungulia, mvuke unalitoka. Akapiga magoti palepale kwenye jalidi.

"N'takutukana huku n'nafunika," akasema.

Na alifanya hivyo. Sijapata kuona mtu akichomekea kifuniko vizuri namna ile. Mkono mmoja unashindilia pindo chini ya tofali, mdomo unanishughulikia mimi. Alianza na pilau niliyounguza kwenye harusi ya Salha. Akaenda kwenye kabati alilotuazima tukalirudisha halina mguu. Akamgeukia Baba Salha, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika na chupa ya chai.

"Na wewe! Nani kakutuma uweke hii?"

"Nilitazama ipi ngumu," Baba Salha akasema.

"Umelala na mwanamke wa Kitanga umri wote huu, kanga hujui kusoma?"

"Mimi nilikuwa naendesha basi, Bi Zuwena."

"Basi lina namba mbele, ulikuwa husomi pia?"

Mama Furaha akaketi chini akicheka mpaka machozi. Bi Tatu alitaka kuendelea kukasirika, akashindwa. Mimi nilikuwa natukanwa na moyo wangu unapaa. Sikujua kwamba nimeikosa sauti ile kiasi hicho.

Jua lilipopanda na matone yakaanza kudondoka kutoka kwenye pindo, nikasema sasa. Tukafunua polepole, tukaanza na upande wa kivuli. Yale ya chini, karibu na ua wa miti, yamekwisha, baridi ilituama huko. Yaliyobaki yamesimama, kingo zimeungua kidogo, mioyo mibichi. Nikamwambia Bi Zuwena asiyakate majani yaliyoungua, yaache, yanakinga machipukizi. Angoje baridi iishe kabisa, na mche wenyewe utaonyesha pa kukata. Akaniambia maboga kayajua kabla yangu. Kisha akaelekea kwenye gari. Akafika, akageuka, anarudi. Nikajipangusa mikono, nikajua anakuja kuniomba radhi.

Kumbe kuna tusi moja alikuwa amelisahau.

Alasiri Nassor akarudi peke yake kuchukua ndoo. Aliiokota, akasimama nayo, haondoki. Nikaanza kumweleza kwamba ni bahati mbaya, kwamba yaliyosalia yatazaa vizuri nikiyatunza, kwamba asiende kaunsili bado. Akatikisa kichwa.

"She told me off all the way home, Auntie. My driving, my beard, why I'm not married. Then she cooked, and told me off about how I eat." Akacheka, halafu akageuza uso akajifuta kwa mkono wa koti. "She hasn't told me off since Dad."

Nikamshika bega.

"I'm not giving it back," akasema. "She wants to come tomorrow. She says you're going to steal her bricks."

"Mwambie nayataka matofali yake yote."

Akaenda hadi langoni na ndoo yake, akatazama mbingu, nami nikaitazama. Hapakuwa na wingu hata moja.

"It's gonna be cold again tonight, innit?"

"Itakuwa, mwanangu."

"Auntie, that cloth." Akakuna ndevu. "Have you got a ruder one?"

Nikarudi nyumbani, nikapiga magoti mbele ya sanduku, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nikachagua nguo ya kufunikia mboga kwa kuisoma.